Magurudumu ya Kumfuata Mke Wangu

Mke wangu ni mkimbiaji, na kwa miaka sita mimi ndiye niliyekuwa nikimkimbilia mbele. Huku kwetu hilo si jambo la ajabu. Wanaume wengi ambao miguu yao haikuwafikisha popote wameishia kukimbia hatua mbili tatu mbele ya wake zao, wakikata upepo na kushika mwendo, huku mke akitazama mgongo tu. Nadhani aliujua mgongo wangu kuliko uso. Kisha siku moja, tukiwa kwenye mteremko, kano la kisigino changu cha kushoto lilikatika. Nilisikia mlio kama wa kijiti kikavu, nikakaa chini kando ya shamba la ngano, na kazi yangu ikaishia hapo.

Daktari aliyenishona aliniambia nitatembea, nitaendesha baiskeli, lakini kukimbia nisahau. Alisema kwa upole sana, na upole huo ndio ulionikasirisha.

Kocha hakungoja nipone, na simlaumu, ingawa nilimlaumu mwaka mzima. Alimpata kijana mwingine wa kumshikia mke wangu mwendo, akamwambia ahamie kambini Kaptagat pamoja na wenzake. Kambi ina sheria zake. Kuanzia Jumapili jioni hadi Jumamosi saa sita mchana mwanariadha hulala kambini, awe na mume au asiwe na mume, hata kama huyo mume anakaa mwendo wa saa moja tu kwa gari. Wanasema nyumbani kuna kazi nyingi na usingizi mchache. Kwa hiyo mimi nikabaki Langas katika vyumba vyetu viwili, nikaajiriwa kwenye duka la mbegu na dawa za mifugo mjini, na nikawa na mke wa Jumamosi. Akija alikuwa analala, anafua, tunakwenda kanisani, halafu namsindikiza stendi.

Hatukugombana. Afadhali tungegombana. Nilichoogopa ni kwamba atazoea kuishi bila mimi, na kila Jumamosi nilimwona amezoea zaidi. Alianza kuniuliza vitu vya nyumbani viliko, chumvi, vijiko, kama mgeni mwenye adabu.

Siku pekee ambayo mtu wa nje anaweza kuwa karibu na wanariadha wa kambi ni Alhamisi. Alhamisi wanakimbia mbio ndefu kwenye barabara za udongo za msituni, na barabara ni ya kila mtu. Huko nyuma utaona magari ya mameneja, pikipiki, mbwa, na waume. Kila mkimbiaji ana chupa zake za maji zilizofungwa uzi wa rangi yake, na lazima awepo mtu wa kumpa njiani bila yeye kusimama. Nikamwomba kocha kazi hiyo kwa mke wangu. Nilisema nitakuja kwa baiskeli. Kocha alinitazama kisigino, akasema, "Sawa, jaribu."

Baiskeli yenyewe niliinunua mjini, miongoni mwa zile zilizotumika ng'ambo zikaletwa huku. Muuzaji aliita haibridi. Mimi nauza mbegu, kwangu haibridi ni mahindi, na mahindi ya haibridi angalau yanaeleweka: yanazaa sana ukiyapa mbolea. Baiskeli ya haibridi ni ile iliyozaliwa na ya lami na ya milimani, isirithi vizuri ya baba wala ya mama. Magurudumu yake yalikuwa makubwa na membamba, rimu nyepesi, spoki chache. Kwenye lami kuelekea juu ilikuwa inateleza vizuri, nikajiona mtu. Alhamisi ya kwanza, tulipoingia tu kwenye udongo, ilianza kunitetemesha hadi meno. Spoki mbili zikakatika gurudumu la nyuma, rimu ikaanza kugusa breki, na katika vumbi la mteremko tairi lilikuwa linazama kando nikiogopa kuanguka. Chupa ya kwanza nilimpa. Ya pili nilifika nayo mwisho, imejaa.

Ndipo nikaenda kwa fundi wa baiskeli wa Langas, mzee aliyekuja kutoka upande wa Mlima Kenya akiwa kijana na hajawahi kurudi isipokuwa kwa mazishi. Kazi yake anaifanyia chini ya mabati, amekaa juu ya kreti la soda. Nilimweleza nataka magurudumu mapya ya kupanda nayo msituni. Akaigeuza baiskeli miguu juu, akazungusha gurudumu la nyuma, akalisikiliza.

"Unataka kwenda mashindano?"

"Hapana, Mzee. Nataka kumfuata mke wangu."

Hakucheka. Nilikwenda kwake jioni tatu mfululizo nikitoka kazini, maana sikuweza kuamua, na sasa naona nilipenda kutoamua. Mtu akichagua magurudumu bado ana matumaini. Nilimwonyesha ya baiskeli za milimani, yale madogo mazito ambayo yamejaa mjini. Akayaweka, akanionyesha kwa kidole kwamba breki zangu hazifiki kwenye rimu, zinashika hewa, tena pedeli zingekuwa chini na kugonga mawe. Nikamletea habari ya yenye breki za sahani, zile zinazobana katikati ya gurudumu badala ya rimu. Akasema fremu yangu haina pahali pa kuzishikilia, labda ninunue na baiskeli nyingine ya kwenda nayo. Akaniambia jambo sahihi ni kubaki na ukubwa ule ule, lakini ajenge upya: rimu pana kidogo na nzito, spoki thelathini na sita, habu ya katikati ya chuma ambayo beringi zake hata yeye anaweza kuzibadilisha kwa nyundo na grisi.

Kwenye magurudumu hatukubishana. Tulibishana kwenye tairi. Yeye alitaka tairi la wastani, upana wa milimita thelathini na tano. Mimi nilikuwa nimeona kwake lingine la arobaini na mbili, lenye meno, na nilipolishika niliona Alhamisi zangu zote zimenyooka. Akaliingiza ili nione. Likazunguka. Kati yake na fremu kulikuwa na nafasi ya kupitisha njiti ya kiberiti.

"Si limepita, Mzee?"

"Limepita," akasema. "Lakini acha nafasi ya kidole. Hii itakubali mpaka mvua. Mimi najua mchanga ya huko juu. Ikishika, haiachi."

Ilikuwa mwisho wa Februari. Langas yote ilikuwa vumbi, nguo kwenye kamba zilikuwa nyekundu, na sisi wawili tulikuwa tunakohoa. Nikamwambia aweke lile pana. Wazee walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini guu langu lilikuwa limeshavunjika, basi nadhani nilijiona sina deni na methali.

Jambo linalonichoma mpaka leo ni hili. Mwezi ule wote kazi yangu dukani ilikuwa kuwaambia wakulima mvua iko karibu. Nilisimama nyuma ya kaunta nikiwaambia walime mapema, wanunue mbegu mapema, wasidanganywe na jua. Nilimwambia mama mmoja wa Plateau kwamba mtu anayepima shamba lake kwa jua la Februari atalia Aprili. Nilisema hivyo kwa kujigamba, na baiskeli yangu ilikuwa imeegemea ukuta nyuma yangu.

Alhamisi tatu zilikuwa nzuri. Sitazikana. Niliondoka nyumbani alfajiri, nikafika kambini wakiwa wananyoosha misuli, na magurudumu yale ya mzee yalipita juu ya mawe na mizizi kama hayapo. Nilikaa upande wake wa kulia. Nilimpa chupa, akanywa, akanirudishia bila kunitazama, kama inavyotakiwa. Alhamisi ya tatu, tulipomaliza, aliniambia, "Leo umekuja vizuri," na mimi nikaendesha hadi Langas nikiyarudia maneno hayo matatu. Lakini hata siku hizo niliona alikotazama. Alitazama mgongo wa yule kijana aliye mbele. Hakuna ubaya wowote katika hilo, ndiyo kazi, na kijana mwenyewe ni mtu wa heshima. Ila nilijua mgongo ule unampa nini, na nilijua chupa haiwezi kumpa.

Mwishoni mwa Machi mvua ilikuja siku ya Jumatano, saa nane mchana, ikanyesha hadi giza. Dukani wakulima walikuwa wanapeana mikono. Mimi nilifurahi nao, nikauza mbegu hadi tukaishiwa. Naapa sikufikiria gurudumu hata mara moja.

Alhamisi tuliondoka vizuri. Chupa ya kwanza ilikuwa anywe kilomita ya kumi na mbili. Kwenye ya kumi tuliacha njia ya mawe tukaingia kwenye udongo mwekundu, na ndani ya mita mia nikahisi mtu amenishika nyuma. Udongo ulikuwa umejaa kwenye breki na pale fremu inapobana nyuma ya pedeli, na gurudumu halikuzunguka tena. Nilishuka, nikachokonoa kwa kijiti, nikapanda, nikaenda mita hamsini, likashika tena. Nilichokonoa tena. Nilimwita jina. Hakusikia, au alisikia akafanya alivyofundishwa. Nikaweka baiskeli begani na kukimbia kwa kisigino changu kibovu, mtu mzima na baiskeli juu ya shingo na chupa mbili zikigongana, hadi sikuona tena mtu yeyote isipokuwa alama za viatu vyao kwenye matope.

Watu hupenda kusema penye nia pana njia. Njia ilikuwepo, upana wa trekta, na nia nilikuwa nayo.

Nilifika mwisho zaidi ya nusu saa baada yao. Alikuwa amekaa kwenye nyasi miguu ikimtetemeka, amefunikwa jaketi la yule kijana, ametapika. Alikuwa amekimbia kilomita thelathini na tano bila tone la maji kwa sababu ya kumngoja mtu ambaye alikuwa anakuja. Wenzake wangempa yao, lakini kila mara alikataa akisema mumewe yuko hapo nyuma. Hayo aliniambia kocha, si yeye. Yeye alichukua chupa mkononi mwangu, akanywa yote, akanirudishia.

"Usikuje tena Thursday," akasema.

"Ni tairi tu. Nitabadilisha."

"Siko na hasira na wewe. Lakini hii ni kazi. Coach atatafuta mtu wa pikipiki."

Ningetamani angekuwa na hasira. Jumamosi alikuja nyumbani kama kawaida, akalala, akafua, akanichekea mezani, na Jumapili akasahau chupa zake zikiwa zimeinamishwa jikoni.

Nilirudi kwa fundi. Aliona matope yaliyokauka, hakusema "nilikuambia", na kwa hilo namheshimu. Akatoa tairi pana, akaweka lile la wastani, akapitisha kidole chake kati ya tairi na fremu, kulia, kushoto, taratibu, na kidole hakikugusa pahali.

"Sasa itapita hata kwa mto," akasema. "Mama atafurahi."

Nikamwambia ndiyo, Mzee, atafurahi.

Alhamisi iliyofuata nilipanda Kaptagat na chupa. Nilikuwa nimezijaza mwenyewe, maji, sukari, chumvi kidogo na limau, kipimo ambacho hakiko kwenye karatasi yoyote. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Nilipita kwenye udongo ule ule mwekundu makusudi, njia ya kuzunguka, nione. Gurudumu lilizunguka safi kabisa, likirusha matope kando, halikushika hata mara moja. Nililia kidogo pale, nikiwa naendesha.

Langoni mwa kambi wakimbiaji walikuwa wanajipasha moto. Mke wangu aliinua mkono, nami nikainua wangu. Mtu wa pikipiki alikuwa amevaa buti za mvua, umri wake na wangu ni sawa. Nikampa chupa zenye uzi wa kijani.

"Ya kwanza mpe kilomita ya kumi na mbili," nikamwambia. "Usimpe kwa mlima. Kaa upande wa kulia, mkono wa kushoto hashiki vizuri. Akikataa usimforce, ngoja kidogo umpe tena. Na usimwambie pole. Hapendi."

"Nitajuaje amechoka?"

Hilo lilinichukua miaka sita kulijua, nikiwa mbele yake, bila kugeuka. Nilifikiria kumnyima.

"Atanyamaza," nikasema. "Utasikia viatu vyake lakini pumzi hutasikia. Hapo mpe maji haraka."

"Sawa, mzee," akasema, akazitia chupa kwenye koti lake.

Kocha akapiga filimbi. Kundi likaondoka, kijana mbele, pikipiki nyuma, na mke wangu katikati. Nilisimama nimeshika baiskeli mpaka walipofika kwenye kona. Hakuangalia nyuma. Mkimbiaji mzuri haangalii nyuma, na mimi ndiye niliyemfundisha.