Uma wa Baiskeli ya Masunga

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, na kila nikijaribu kuiandika naona naipendelea nafsi yangu, basi nafuta naanza upya. Leo sitafuta. Ukifika mahali ukaona nimejitetea, jua ni mazoea tu, nawe upunguze.

Nilikuwa fundi baiskeli pale gulioni Ngulyati. Shule niliishia darasa la saba, na ufundi nilijifunza kwa kuangalia wengine. Usiidharau kazi ile. Niliianza miaka ambayo tairi jipya lilikuwa la kuombewa kibali, na ukishapata kibali unakuta dukani hakuna kitu. Tulijaza majani makavu ndani ya tairi ambalo mpira wake umekufa, tukalishona kwa waya, na mtu akaenda zake akirukaruka mpaka Mwamapalala na kurudi. Breki tulikata kwenye malapa, yaani kandambili. Pedali tulichonga mti. Mtu aliyeweza kuifufua baiskeli bila spea aliheshimiwa, nami heshima ile niliipenda kupita kiasi.

Kisha mambo yakafunguliwa. Maduka ya Bariadi yakajaa spea. Pamba nayo, ambayo zamani ilinunuliwa na ushirika peke yake hapo hapo kijijini, ikaanza kutafutwa na wanunuzi binafsi, leo huyu anapandisha bei, kesho yule, na wengi wao walikaa mjini. Watu wakaona afadhali waipeleke wenyewe. Hapo baiskeli ikageuzwa punda. Nilirefusha keria kwa nondo, nikaongeza bomba la pili kwenye fremu, nikang'oa madigadi ya kuzuia matope ili magunia yapate kukaa. Baiskeli iliyotengenezwa kubeba mtu na mkewe ikawa inabeba magunia mawili ya pamba iliyokanyagwa kwa miguu mpaka ikawa ngumu kama ukuta.

Masunga alikuwa mkulima wa kitongoji cha jirani, baba wa watoto watatu, mtu wa utani. Asubuhi moja aliniletea baiskeli yake, uma wa mbele unaoshika gurudumu umepata ufa chini kidogo ya shingo. Nilipouona nilijua ni wa kutupa. Na niseme ukweli wote, hilo nilimwambia. Nilimwambia, "Masunga, huu kanunue mwingine mjini. Siku hizi zipo."

"Nikishauza pamba nitanunua," akasema. "Au unataka niipeleke pamba kwa kichwa kama mke wa mtu?"

Waliokuwa wamekaa kwenye benchi wakacheka. Mmoja wao akadakia, "Fundi siku hizi anaogopa ufa! Maduka yamemharibu huyu."

Ni hapo, mwanangu. Maneno madogo kama hayo. Nilichukua kipande cha nondo nikakipigilia ndani ya uma, nikazungushia bati la kopo juu ya ufa, nikafunga kwa waya, halafu nikaviringisha mpira wa tairi juu ya vyote nikivuta kwa meno, mpaka pakawa panene kama goti. Nikauinua watu wa benchi wauone.

"Bebea hata ng'ombe," nikamwambia Masunga.

Na nyuma yangu, kwenye msumari, ulikuwa unaning'inia uma mzima niliouvua kwenye baiskeli chakavu. Nilikuwa nauweka kwa ajili ya baiskeli yangu mwenyewe. Masunga hakuuomba kwa sababu hakujua ni wa saizi yake. Mimi nilijua.

Akanipa mkono, akasema, "Wewe ndiye fundi," akaondoka.

Siku ya tatu, jua likiwa limepanda, ukaja mkokoteni wa ng'ombe kutoka upande wa Bariadi. Mwenye mkokoteni hakuwa mtu wa kwetu. Alikuwa amemkuta Masunga kwenye mteremko wa korongo, amelala chini ya magunia yake, ameshakufa. Hakuna aliyemwona akianguka. Yule mgeni alisimama gulioni kuuliza kwa marehemu ni wapi, na ili mwili ulale vizuri akaishusha baiskeli kwangu. "Wenyewe watakuja kuichukua," akasema. Gulio zima likaondoka kwa vilio kuufuata ule mkokoteni. Nikabaki mimi na baiskeli.

Uma ulikuwa umekatika. Umekatika pale pale nilipofunga, mpira umechanika, ncha ya nondo iko nje. Lakini gurudumu nalo lilikuwa limepinda vibaya, kama lililogonga jiwe. Sasa, je, uma ulikatika ndipo mtu akaanguka? Au aligonga jiwe kwanza, uma ukakatika kwa kishindo kile, kama ambavyo hata uma mpya ungekatika? Mtu mwenye akili tulivu angeiacha ilivyo, akaenda korongoni kuangalia kama jiwe lipo. Mimi sikwenda. Nilichukua spana.

Niliufungua uma uliokatika, nikafunga ule wa kwenye msumari. Nikanyoosha ringi, nikakaza spoku, nikafuta damu kwenye usukani. Uma wa zamani nikautumbukiza kwenye shimo la choo. Muda wote huo nilikuwa najiambia naitengeneza kwa ajili ya mjane, ili apate cha kuuza. Pengine kulikuwa na ukweli kidogo ndani yake. Sijui ni kiasi gani.

Alasiri akaja Jilala, kaka yake Masunga, pamoja na mkuu wa sungusungu, lile jeshi la ulinzi la wanakijiji. Jilala akainua mbele ya baiskeli, akalizungusha gurudumu kwa kidole. Likazunguka bila kugusa popote.

"Ililetwa hivi?" akauliza.

"Usukani ulikuwa umekwenda upande, nimeunyoosha," nikajibu. Na kweli usukani ulikuwa umekwenda upande.

"Kwa hiyo baiskeli ni nzima."

"Nzima."

Jilala akaishusha polepole. Akamwangalia mkuu wa sungusungu, akasema, "Sasa kilichomwangusha mdogo wangu ni nini?"

Swali hilo lilitoka kwangu, mwanangu, ingawa lilisemwa na yeye.

Jirani yake Masunga alikuwa mjane mzee, Mama Kabula. Macho yake yalikuwa mekundu, kama ya wanawake wengi wa kwetu waliopikia mavi ya ng'ombe na mabua ya pamba maisha yao yote. Mwezi uliotangulia mbuzi wa Masunga walikula michembe aliyoianika juani, vile viazi vya kukausha vya kumvusha kiangazi, naye kwa uchungu akamwambia mbele za watu, "Na hiyo pamba yako hutaifaidi." Nani hajawahi kusema neno kama hilo akiwa na hasira? Lakini sasa watu wakalikumbuka, na yale macho wakayaita ya mchawi.

Tuliitwa uwanjani, wanaume wote. Mama Kabula akawekwa katikati, amekaa chini, miguu ameinyoosha. Mkuu wa sungusungu akamuuliza kama ana la kusema.

"Mimi baiskeli hata kuishika usukani sijui," akasema. "Nitakirogaje kitu nisichojua kinavyokwenda?"

Wengine wakacheka kidogo. Akasimama mmoja, akasema kwa sauti ya upole kabisa, akimwita mama kwa Kisukuma, "Ndiyo maana hukuigusa, mayu. Baiskeli ni nzima. Umemgusa mwenyewe."

Mwalimu mmoja wa kanisa alisimama akasema tusihukumu jambo ambalo hakuna aliyeliona, wakamwambia akae. Lazima nimtaje, maana alijaribu, na hakuwa na ushahidi wowote. Mwenye ushahidi nilikuwa mimi, nimesimama mstari wa tatu, mikono nyuma. Watu wa benchi walioniona nikiufunga ule ufa nao walikuwapo, wakaangalia pembeni. Nilisubiri mtu aniulize. Hakuna aliyeniuliza, nami nikajifanya kwamba hilo linanitosha.

Wakaamua asisalimiwe, asipewe moto, asichote maji na wenzake, na gulio lijalo lisimkute. Usimwone Jilala kuwa mtu mbaya. Alikuwa amefiwa, na mimi nilikuwa nimemnyima sababu ya msiba wake, basi akachukua ile aliyopewa.

Siku ya nne akaja mjukuu wa Mama Kabula kutoka Nyashimo, mwanamume mwenye familia yake, kumchukua. Alikuja na baiskeli aliyoiazima Bariadi, wakapandie gari huko. Akanifikia gulioni. "Fundi, nitengenezee keria, bibi yangu apate kukaa. Ana mifupa tu."

Kazi ile niliifanya vizuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Nilipanua keria kwa ubao, nikajaza gunia kwa pamba safi nikalishonea juu, nikaweka vyuma viwili vya kukanyagia. Kisha nikamshika mkono yule mama, nikampandisha. Watu wa benchi walikuwa wamegeukia upande mwingine.

"Wewe peke yako umenishika mkono tangu juzi," akaniambia. "Mungu akubarikie mikono yako, baba."

Nikasema, "Asante, mayu." Ndicho nilichosema.

Ulipita mwaka mzima ndipo nikaenda Nyashimo. Nilimkuta uani kwa mjukuu wake anapepeta mchele. Nikamwambia yote: ufa, nondo, uma wa msumarini, choo. Hakuacha kupepeta. Nilipomaliza akauliza, "Na huo uma uliokatika, hakuna aliyeuona?"

"Hakuna wa kwetu, mayu."

Akapuliza makapi kwenye ungo. "Sasa mimi unaniambia ili iweje? Mimi tangu siku ile najua sikumroga. Nenda kawaambie wasiojua. Na uwahi, maana nataka kurudi kwangu, na mimi si msichana."

Nilirudi nikiwa nimeamua. Lakini nilipofika nikakuta watu wako shambani, nikasema ngoja wavune. Wakavuna, nikasema ngoja pamba iishe. Pamba ikaisha, Jilala akaugua, nikasema ngoja apone. Kila sababu ilikuwa ya kweli, mwanangu, na zote pamoja zilikuwa uongo. Kabla Jilala hajapona vizuri ikaja habari kwamba Mama Kabula amefariki, na amezikwa huko huko Nyashimo, mbali na kaburi la mumewe.

Hapo ndipo nikaenda kwa Jilala. Alikuwa zizini anafunga ndama. Nikamweleza nikiwa nimesimama.

"Kwa hiyo ni uma ndio uliomuua mdogo wangu?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Ningejua kama ningeuacha ulivyokatika."

Akaiachia kamba. Nilitegemea anipige, na nadhani ningeshukuru. Akasema, "Yule mama mimi ndiye niliyesimama mlangoni kwake nikamwambia atoke. Kwa nini hukuniambia wakati bado naweza kwenda kumrudisha?"

Akaendelea kufunga ndama wake. Hakunishtaki popote. Tukikutana njiani hunisalimu, "Mhola?" nami hujibu, "Mhola duhu," yaani salama tu, kila mtu akapita.

Mwanangu, mimi sikukatazi kuunga. Asiye na kipya ataunga cha zamani, na hakuna aibu. Ila ukiunga, mwambie mwenye kitu ukomo wake: hiki kitakufikisha hapa, hakitakupitisha pale. Na kama unacho kizima nyuma yako, kitoe, au angalau useme kipo. Usiache vicheko vya watu wa benchi vikuchagulie la kufanya, maana siku ya msiba wote huwa wamegeukia upande mwingine.

Na kazi yako ikivunjika, usiitengeneze kabla wenyewe hawajaiona. Iache hivyo hivyo, mbaya ilivyo, ukae kando yake, wakija waambie, "Hii ni kazi yangu." Huenda wakakupiga. Huenda ikaonekana hukukosa lolote, kumbe lilikuwa jiwe. Vyovyote vile mtajua, wao na wewe. Mimi sitajua, na hilo limenilemea kuliko hofu niliyokuwa naikimbia. Na ukiona mtu mwingine ameketishwa chini kwa ajili ya ulichoficha, sema hapo hapo, hata kama sauti inatetemeka, hata kama hakuna aliyekuuliza. Usingoje mavuno. Nilichokisema mimi kilikuwa kweli tupu, lakini aliyekihitaji alikuwa ameshazikwa.

Basi Mungu akujalie mikono inayoijua kazi, na kinywa kinachowahi. Nyumba yako isipungukiwe moto wala maji, wazee wapokee salamu zako kwa moyo mweupe, na utakapochoka, upumzike kwenu, kati ya watu wako.