Kiroga Kaongeza Mkataba

Siku Kiroga alipotia saini ya miaka kumi na miwili, Sleyum wa Bawshar, mtaa wa Maskati, alipiga ukelele uliohamisha tangi la maji juu ya paa. Lilikuwa upande wa uani, likakutwa upande wa barabarani, na fundi aliyeletwa kulirudisha hakusadiki mpaka alipoonyeshwa mkwaruzo kwenye saruji. Njiwa wa jirani walitoroka, wakarudi siku ya tatu, tena kwa kubembelezwa. Na mwenye ukelele wake, mtu mzima wa miaka sitini na tatu, mstaafu wa serikali, mwenye sukari na goti bovu, alikuwa kibarazani saa kumi na mbili ya asubuhi na kanzu yake ya kulalia, anajipigia makofi peke yake.

Mkewe, Sayyida, akafungua dirisha la juu. "Nani kafa?"

"Hajafa mtu! Kaongeza mkataba! Kiroga kaongeza mkataba, haendi popote!"

"Haya, mabruk," akasema Sayyida, akalifunga dirisha.

Kiroga mwenyewe hakuwa ndugu, wala jirani, wala mtu aliyewahi kuonana na Sleyum. Ni mchezaji wa besiboli wa mji mmoja wa baridi huko Amerika. Jina lake hasa ni la Kihispania, Quiroga, lakini limepita kwenye ulimi wa mtu wa Unguja likatoka hivyo. Sleyum alizaliwa Malindi, akaletwa Maskati ana miaka kumi, na alipokuwa kijana serikali ikampeleka kwenye mji huo huo wa baridi kusomea umeme. Wenzake walirudi na shahada na masanduku ya nguo. Yeye alirudi na shahada na besiboli, na besiboli ikamkaa mwilini kama homa ya vipindi, miaka arobaini haijamtoka.

Si kwamba hakujaribu kuwaambukiza wengine. Alipooa alimkalisha Sayyida mbele ya runinga, akamweleza saa mbili nzima. Bibi harusi akasikiliza kwa adabu, kisha akauliza, "Huyu alosimama na gongo, kawakosea nini hata wamtupie mpira?" Yakaisha hapo. Wanawe walikimbilia kandanda. Akabakiwa na Hamoud tu, mwenzake wa masomoni, anayekaa Al Khoudh. Lakini Hamoud ni shabiki wa timu pinzani, kwa hiyo urafiki wao ulikuwa wa simu na matusi, na hakuna kati yao aliyekubali kukaa nyumbani kwa mwenzake kutazama mechi.

Ndipo alipokuja Nakanwagi.

Nakanwagi aliletwa kutoka Uganda kufanya kazi za nyumbani, mkataba wa miaka miwili. Baba yake alikuwa askari, naye Kiswahili alikipata kambini, basi kila alilosema lilikuwa kama amri ya jeshi. "Chakula tayari! Watu wote kuja!" Mara ya kwanza alipoita hivyo, Sleyum alisimama wima kabla hajajua kwa nini.

Mwezi wa nane wa kazi yake, asubuhi moja baada ya sala ya alfajiri, Sleyum alikuwa anatazama mwisho wa mechi, na Nakanwagi akapita na nguo za kupiga pasi.

"Baba, huyo hajatoka," akasema.

"Nini?"

"Mwamuzi amekosea. Mguu umefika kwanza, mpira umefika nyuma."

Runinga ikarudia picha, polepole, mara tatu. Mguu ulifika kwanza. Sleyum akakiweka kikombe chini kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba yai la mbuni.

"Wewe umejuaje?"

"Shuleni nilicheza. Mimi mdakaji."

Mdakaji ni yule anayechutama nyuma ya mwenye gongo, kavaa kinyago cha chuma, anapokea mipira inayokuja kama risasi. Nakanwagi alichutama hivyo miaka minne, na mkono wake haukusahau. Kunguru mmoja wa Bawshar alikuwa na tabia ya kuiba samaki uani. Nakanwagi akamtupia ndimu kutoka jikoni, ikapita dirishani, ikazunguka mtende, ikamkuta kunguru njiani. Ukoo mzima wa kunguru yule ukahamia Barka, na mpaka leo hakuna aliyewasikia.

Tangu siku hiyo kila alfajiri ilikuwa hivyo: Sleyum kwenye kochi, Nakanwagi mlangoni kwenye kibao, sinia la mchele mapajani, anachagua chuya na kubishana. Sayyida alikuwa akiwasikia juu wanavyocheka, akageukia ukutani akaendelea na usingizi. Miaka thelathini na kitu alikuwa akiombwa acheke kwa besiboli. Sasa kapata naibu.

Turudi kwenye ule ukelele. Sleyum alipomaliza kupiga makofi akampigia Hamoud simu, kaiweka sauti ya juu nyumba nzima isikie.

"Umeona timu yenye akili? Mchezaji kama yule humngojei muda wake ukwishe. Unamwita mapema, unamkalisha kitini, unamuuliza anataka nini, unamwandikia! Na kuna kifungu, Hamoud, hawawezi kumpeleka timu nyingine mpaka mwenyewe aridhie. Hicho kifungu cha heshima!"

"Miaka kumi na miwili!" Hamoud akaguta. "Akimaliza atakuwa anakimbia na mkongojo. Mumenunua mzee!"

"Una husuda, mtoto wewe!"

Akakata simu, akaagiza halwa, bakuli zima la sufuria, akaigawa kwa majirani kama aliyepata mtoto. Kila mlango wakamuuliza furaha gani, na yeye, kwa haraka ya kwenda mlango wa pili, akajibu, "Kaongeza mkataba! Miaka kumi na miwili!"

Sasa kule Bawshar neno hilo lina maana moja tu. Kwenye nyumba ya watu, anayeongeza mkataba ni msichana wa kazi. Mabibi wakatazamana. Wao wasichana wao hawatimizi miezi kumi na miwili, na kwa Sleyum kuna aliyekubali miaka! Mpaka kufika saa nne, simu ya Sayyida ilikuwa moto wa kukaanga chapati. Huyu anauliza mumempa nini, yule anauliza mumemsomea nini. Na nduguye Sayyida, Bi Nasriya, akapanda gari kutoka Al Khoudh kuja kuwahi. Bi Nasriya ndiye aliyekuwa akimwazima Nakanwagi kila Ramadhani, kila Idi na kila penye shughuli, na akimrudisha amekonda.

"Ikiwa munayo kumi na miwili," alisema kabla hajavua viatu, "nipeni mimi mitatu."

Habari ilimfika mwenyewe mwisho kabisa, penye pipa la taka. Teopista, anayefanya kazi nyumba ya pili, alimshika mkono. "Umesaini miaka kumi na miwili? Wewe, nani amekuroga?"

Nakanwagi akaingia ndani, akavaa viatu, akaenda kusimama mbele ya Sleyum majlisi, chumba cha wageni.

"Baba. Nani amesema mimi nimeongeza mkataba?"

Sleyum akacheka mpaka akashika mbavu. Akaeleza: si wewe, ni Kiroga, watu hawa hawasikilizi. Akangoja na mwenzake acheke. Nakanwagi hakucheka.

"Mkataba wangu unaisha tarehe thelathini. Imebaki siku kumi na tisa. Hakuna mtu ameniuliza. Sanduku nimeshanunua."

Tarehe ya kwisha mkataba wa Kiroga, Sleyum aliijua tangu miaka mitatu, na saa yake, na ofisi ya kutilia saini. Huu wa hapa mlangoni, ulikuwa kama hauna tarehe.

"Si utakaa tu?" akasema Sleyum.

"Kwa nini?" akauliza Nakanwagi, akaenda kuepua wali.

Jioni Hamoud akapiga simu, na mara hii hakutukana, jambo lililomtisha Sleyum zaidi ya tusi.

"Yakhe, nasikia yule mdakaji wako muda unakwisha. Mke wangu anatafuta mtu. Tena runinga yangu, unaijua, kubwa kuliko yako."

"Hamoud! Miaka arobaini mimi na wewe!"

"Ndio maana nakwambia kwa uzuri. Mwengine angemngojea penye pipa la taka."

Usiku ule Sleyum hakula ila tende tatu. Aliona alfajiri zake zilizobaki zimepangana mbele yake: runinga inasema, yeye anaijibu, na mlangoni kibao kitupu. Asubuhi akamwita Nakanwagi, akamvutia kiti cha meza ya kulia, kile cha mbele, cha wageni.

"Kaa. Unataka nini?"

Nakanwagi akakaa, akatoa karatasi mfukoni. Imeandikwa kwa herufi kubwa, imekunjwa mara nne. Sayyida akaja na kahawa ashuhudie. Bi Nasriya, ambaye hakualikwa, alikuwa keshafika.

"Moja. Ijumaa, asubuhi mpaka jioni, yangu. Nakwenda kanisani Ghala."

"Sawa," akasema Sleyum.

"Mbili. Pasi yangu ya kusafiria nakaa nayo mimi."

Sayyida akainuka bila neno, akaenda kwenye mtoto wa kabati anakoweka dhahabu zake, akarudi na pasi, akaifuta vumbi kwa ncha ya mtandio. Akaiweka mezani mbele ya mwenyewe. "Mwanangu, ungesema tu," akasema.

"Nilisema, Mama. Mara mbili."

Sayyida akajimiminia kahawa, akaitazama kahawa.

"Tatu. Siazimwi."

"Huazimwi vipi?" Bi Nasriya akaruka.

"Kiroga ana kifungu. Timu haiwezi kumpeleka timu nyingine kama yeye hajakubali. Baba alisema hicho kifungu cha heshima."

Macho yote yakamgeukia Sleyum. Alikisema, tena kwa sauti ya kusikika uani, na mkono kifuani.

"Shemegi!" akasema Bi Nasriya. "Arusi ya Rawan mwezi ujao! Nshaihesabu mikono yake!"

"Utaniuliza mimi, Mama Nasriya. Nikikubali, nakuja."

"Nikuulize wewe? Mimi?"

"Ndiyo. Ni rahisi. Unasema, Nakanwagi, tafadhali."

Bi Nasriya akamgeukia Sleyum. "Shemegi, unasikia naambiwa niseme nini? Nikatie neno leo hii: ni mimi ama huyo Kiroga wenu."

Sleyum akatazama kushoto, ulimi wa Bi Nasriya, ambao uliwahi kuvunja posa mbili na kamati moja ya msikiti. Akatazama kulia, karatasi yenye herufi kubwa. Nyuma ya karatasi aliiona runinga ya Hamoud, pana kama lango la boma.

"Kifungu..." akasema, akakohoa. "Kifungu ni cha heshima, Bi Nasriya."

Bi Nasriya akainuka. Kahawa akaiacha kikombeni, imejaa, haikuguswa, na hilo Maskati ni zaidi ya kutukana. Gari lake likatoka kwa kasi iliyopigwa picha na kamera ya barabarani mara mbili, ya kwenda na ya kuongeza mwendo.

"Basi sasa," Sleyum akashika kalamu, anajitahidi atabasamu, "miaka kumi na miwili?"

"Miwili."

"Lakini Kiroga..."

"Kiroga watoto wake wanakaa naye. Mimi wangu yuko darasa la tano, ananijua kwenye simu. Miwili, na katikati mwezi mmoja nakwenda nyumbani. Halafu tutaangalia soko."

Sayyida akaangua kicheko, mpaka kahawa ikamwagika. "Na mimi je, bwana? Mimi nna vifungu vyangu."

"Wewe muda wako haujesha," akasema Sleyum, na akatia saini haraka kabla hawajaongezeka wengine wenye vifungu. Alitia saini kama wanavyotia watu wenye furaha, bila kusoma chini. Chini, kwa herufi ndogo, paliandikwa: *Usafiri wa Ijumaa juu ya timu.*

Ijumaa ya kwanza akawa yuko Ghala, nje ya uzio wa kanisa, ndani ya gari, kanzu ya dishdasha imepigwa pasi, kofia kichwani, udi nguo nzima kwa kuwa akitoka hapo anakwenda msikitini. Mabasi ya kutoka mtaani kwake hayafiki huko, Sayyida kakataa kumpeleka, na saini ni saini. Jua lilikuwa la kuyeyusha funguo. Ndani wanaimba, nyimbo ndefu, na kila akidhani wamemaliza wanaanza upya kwa nguvu zaidi.

Akafungua simu atazame mechi ya jana. Ikafika pahala mtu anakimbilia kituo cha mwisho, wenyewe wanakiita nyumbani, mdakaji anamgusa, vumbi linatimka, mwamuzi anasema katoka. Katoka kweli? Sleyum akarudisha nyuma. Akarudisha tena. Mara ya kumi na moja macho yakaanza kumtoka machozi na bado hajui, na mtu pekee baina ya Sohar na Sur ambaye angejua alikuwa nyuma ya ukuta ule, anaimba.

Kioo kikagongwa. Alikuwa Muatasim, anayesali naye safu moja kila siku, kaja Ghala kusaka fundi wa tairi anayefungua Ijumaa. Akalitazama kanisa. Akamtazama Sleyum. Akalitazama kanisa tena.

"Salaam alaykum, Sheikh Sleyum. Kheri? Hapa? Leo?"

"Wa alaykum salaam. Nnamngoja mdakaji wangu."

"Mdaka nini?"

Sleyum hakuwa na nguvu ya kueleza. Miaka arobaini alieleza, imempeleka wapi? Akaiinua simu mpaka kwenye pua ya Muatasim. "Wewe macho yako mazima. Hebu nambie kwa haki ya Mungu: mguu umefika mwanzo, ama mpira?"

Muatasim akainama, akakunja uso, akatazama kwa makini mpaka mwisho. "Hii kriketi," akasema, "mbona hawana vile vijiti?"

Sleyum akapandisha kioo, akaongeza baridi ya gari, akaendelea kungoja watoke.