Kaburi Lililohamishiwa Ndani ya Uzio

Nakumbuka asubuhi moja ya masika, ukungu umeshuka mpaka milangoni, nikiwa kijana mwenye kifua kipana na viatu vya tairi, nimetumwa kwa mazoezi ya ukatekista katika kigango kimoja cha mlimani juu ya Mlola. Mwanangu, wewe unayeanza kozi ya ukatekista mwaka huu, keti nikusimulie. Darasani utafundishwa mengi na yote ni mazuri, ila hili sijawahi kuliona ubaoni.

Kwanza unijue anayesema nawe. Shule yangu iliishia darasa la tatu. Hata hivyo kabichi za Lukozi zinazoliwa Tanga, nyingi zimepanda malori yangu, na nyumba ya kwanza kuezekwa bati upande wetu wa bonde ni yangu. Nilianza na tenga kichwani. Sikurithi kitu, sikubebwa na mtu. Leo mwenyekiti wa halmashauri ya parokia ni mimi, na nikisimama kutoa matangazo hata watoto wachanga wananyamaza. Nakuambia haya ili ujue kwamba mtu kama mimi hasifii ovyo. Ninayetaka kumsifu ni mmoja: Mwalimu Anselmi, katekista mzee aliyetufundisha sisi makatekista.

Alikuwa mwembamba, koti lake la kaki limepauka mabegani, sauti yake ya chini. Wapo walimu waliotuchapa kwa maneno. Yeye hakuwa hivyo. Asubuhi, pale misheni, alitufundisha sala, amri na nyimbo, mchana akatupeleka mashambani kwa watu. Hakukuruhusu ufundishe dini katika nyumba ambayo hujaisaidia kupalilia. Na kwenye msiba alikuwa na sheria yake: katekista hushika jembe kabla ya kushika kitabu. Sisi vijana tulicheka pembeni, tukasema mzee anatafuta vibarua wa bure. Basi ngoja uone.

Nchi yetu ilikuwa bado changa na wimbo ulikuwa ujamaa. Watu wa kigango kile walikuwa wametoka kwenye vilima vyao, kila ukoo na migomba yake, wakajenga pamoja kwenye kijiji kipya. Kanisa lilikuwa la udongo na nyasi. Pembeni yake makaburi machache, yamezungushiwa uzio wa miti. Padre alifika mara moja moja, na masika yakikata barabara ndiyo humwoni kabisa. Ibada za Jumapili aliongoza Mzee Luka, kiongozi wa kigango, mtu mkali na mwaminifu. Kanisa lile alilijenga kwa mikono yake na mimi namheshimu mpaka kesho.

Asubuhi hiyo ninayokuambia, alifariki Mama Yohana. Alikuwa mjane mzee, mkatekumeni, maana yake alikuwa anajifunza dini akisubiri ubatizo wa Pasaka. Na Pasaka yenyewe ilikuwa imekaribia kweli. Homa ilimkamata jioni, kulipopambazuka ameshakwenda, hakuna aliyewahi hata kumtilia maji ya ubatizo kichwani. Mwanawe Yohana, yeye alikuwa ameshabatizwa, akaja kwa Mzee Luka kuomba mama azikwe kwa sala za Kanisa.

Mzee Luka akatikisa kichwa. "Pole sana, mwanangu. Lakini mama yako hakubatizwa. Tutamzika, sisi si wanyama. Atalala nje ya uzio, bila kitabu."

Yohana akageukia mlimani. Kisha akasema, "Basi mpeni hilo shimo mtu mwingine. Mama namrudisha mlimani kwenye migomba ya baba, nambeba mwenyewe. Na mimi hapa kanisani hamtaniona tena."

Wakatekumeni wenzake marehemu walikuwa pale, wanawake kwa wanaume, wanasikiliza. Niliwaona wanavyotazamana. Kila mmoja alikuwa anajiuliza: na mimi nikifa kesho? Jirani mmoja Mlutheri, mama wa maneno, alikuwa ameleta mkungu wa ndizi kwa ajili ya wafiwa. Akautua chini akasema kwa sauti, "Jamani mwe, kama ninyi hammtaki, tuleteeni sisi. Kwaya yetu itamwimbia mpaka jua lizame."

Maneno hayo yalimchoma Mzee Luka. Akawaamuru vijana waende kuchimba, nje ya uzio, alipoonyesha yeye.

Sasa mimi. Nilihisi jambo haliko sawa, ila jibu sikuwa nalo, na kubishana na mzee wa mvi mimi mgeni nisingeweza. Nikamwambia Yohana, "Usimtoe mama ndani mpaka nirudi." Nikatimua mbio kuelekea misheni. Mwanangu, mlima ule watu huupanda kwa kupumzika. Mimi niliupanda na kuushuka kama naenda kuchukua mkate mezani. Mpaka leo wapo wanaosimulia mbio zile. Nikamkuta Mwalimu Anselmi misheni akinoa jembe. Nikamweleza yote. Hakuniuliza swali hata moja. Akachukua lile jembe, akachukua na kitabu, tukaondoka.

Njiani akaniambia, "Mkatekumeni ni mtoto wa Kanisa tayari. Akifa bila kosa lake kabla ya ubatizo, anazikwa kama Mkristo. Hilo halina mjadala."

Mwili ukanisisimka kwa furaha! Nikaanza kupanga jinsi nitakavyoingia pale na kutangaza, wote wasikie. Nikamwambia, "Mwalimu, leo Mzee Luka atajua kwamba kuna waliosoma."

Akasimama katikati ya njia, kwenye matope, akanitazama. "Ukimshinda mzee mbele ya watu wake, utapeleka wapi ushindi wako? Wewe mazoezi yakiisha unarudi misheni. Jumapili atakayewasomea watu Injili ni nani?"

Nikampokea jembe, nikatembea nyuma yake. Na si kawaida yangu.

Tulipofika, shimo la nje ya uzio lilikuwa limefika kiunoni. Mwalimu akawapa pole wafiwa mmoja mmoja, akaingia ndani akapiga magoti kando ya marehemu. Akatoka. Nilidhani sasa ataongea. Wapi! Akavua koti, akamwendea Mzee Luka.

"Mghoshi," akamwita, yaani mzee kwa heshima ya Kishambaa, kisha akamsalimu, "onga mshi. Nimechoka na njia, naomba unisindikize tutazame eneo."

Wakaingia wawili ndani ya uzio. Mimi nilikuwa karibu, nimeegemea mti, nikasikia. Wengine hawakusikia kitu.

"Mghoshi, mama huyu alikuwa anakosa mafundisho?"

"Hapana. Hata mvua ikinyesha alikuja."

"Nani alimfundisha Baba Yetu?"

Mzee Luka akakohoa. "Mimi. Alichelewa kuishika, lakini alipoishika haikumtoka."

"Basi umemlea mwenyewe. Padre alitufundisha kwamba mkatekumeni akifa hivi Kanisa linamzika kama wake. Sikuja kukupa amri. Nimekuja kukuletea habari njema kuhusu mwanafunzi wako."

Mzee Luka akashika mti mmoja wa uzio. "Niliogopa, Mwalimu. Nilisema nikilegeza uzio huu, kila mtu atapita."

"Ulikuwa unalinda. Sasa wewe mwenyewe waonyeshe pa kuchimba. Mimi nitakuwa kibarua wako."

Mzee Luka akatoka akapaza sauti: "Vijana! Acheni huko. Mama Yohana ni wetu. Atalala huku ndani, karibu na msalaba. Nimeuliza kwa wakubwa nimepata jibu, na mimi nimefurahi." Aliyepiga jembe la kwanza ndani ya uzio ni yeye. La pili ni Mwalimu, mzee yule mwembamba, udongo wa masika unamng'ang'ania miguuni. Ndipo nikaingia mimi, na nikikuambia nusu ya kaburi lile niliichimba peke yangu, waulize waliokuwepo. Hakuna aliyejua kwamba mzee wao alikuwa amesahihishwa. Walichoona ni mzee wao akiwafungulia.

Yohana alipoona, alikuja akamshika Mzee Luka mkono wa kulia kwa mikono yake miwili. Wakambeba mama pamoja. Sala aliongoza Mzee Luka mwenyewe, Mwalimu kando yake akimfunulia kurasa. Walutheri waliimba, sisi tukaitikia, mlima mzima ukasikia.

Pasaka ilipofika, wakatekumeni wa kigango kile walishuka wote parokiani kubatizwa, hakubaki hata mmoja nyuma. Mbele yao alitembea Mzee Luka na fimbo yake, na Yohana amebeba furushi la nguo zao nyeupe.

Mwanangu, malori yangu watu huyaona na kuyasifu, na mimi sikatai. Lakini kila ninapoweza kukaa na watu mezani na kuondoka wote tungali ndugu, jambo hilo nililipata kwa Mwalimu Anselmi kwenye makaburi yale. Kwa hiyo nakuusia: jifunze mafundisho ya Kanisa vizuri, uyajue kweli, maana bila kujua Mama Yohana angelala nje. Ukishayajua, mpelekee mkubwa wako kwa siri na kwa heshima, kisha mwache ayaseme kwa kinywa chake. Anza kwa jembe. Watu wanamsikiliza aliyechafuka pamoja nao.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe miguu isiyochoka na vilima hivi, akupe ulimi mpole, na popote utakapotumwa akufikishe kabla kaburi halijafukiwa. Maria Mama yetu akufunike. Amina.