Sidiria ya Juu ya Sweta

Juzi nilimkuta binti yangu akijizungushia waya wa chaja kifuani, juu ya sweta, apate saizi ya sidiria. Hasira za zamani zikanipanda. Mama alinipima hivyohivyo, kwa kamba iliyonuka sambaza, vidagaa vya ziwani alivyokuwa akiuza, macho yake yakitazama dirishani.

"Mama, nivue sweta?" nikamuuliza.

"Nyamaza, we! Simama muzuri."

Akafunga fundo penye kipimo, akavuka mpaka wa Grande Barrière na kamba yake hadi sokoni Goma. Nami nikaamini sidiria huvaliwa juu ya sweta. Ilipofika ilinining'inia kama vikapu vitupu, na mama akanigombeza mimi, eti nimekonda!

"Vua sweta kwanza," nikamwambia binti yangu. Maneno matatu tu, na mama yalimshinda.