Nilimtaja baba mkwe ili nishinde ubishi wa vita

Admin, jina langu usiliweke, ingawa wa hapa Kamembe, mpakani na Kongo, wakisoma watanijua tu. Wanijue. Nimechoka kununiwa.

Nina miaka thelathini na minane, mke na watoto watatu, na kazi yangu ni kutengeneza simu na redio. Mbele ya duka langu, baada ya swala ya alasiri, wanaume hukusanyika kubishana vita. Si vile vilivyokuwa, ila vile ambavyo vingekuwa. Unachagua vita vya zamani, unabadilisha silaha moja, halafu unatuambia nani angeshinda. Wajerumani wangekuwa na ndege juu ya Ziwa Kivu, Wabelgiji wangevuka? Zamani zile kungekuwa na droni, leo nani angetawala wapi? Yalikuwa maneno ya kupitisha wakati, lakini tulitukanana kweli. Kuna watu wawili hawasalimiani mpaka leo kwa ajili ya vifaru.

Mpinzani wangu mkubwa ni mfanyabiashara wa vitenge kutoka Bukavu, mtu wa miaka sitini na kitu. Nitamwita Papa Dani. Siku moja alileta uasi wa miaka ya sitini kule Kongo. Akasema waasi wangepata ndege mbili tu, wangefika mbali. Nikamwambia ndege si kitu, walichokosa ni mawasiliano. Akanicheka mbele ya watu wote.

“Weye fundi wa masimu, vita unavijulia wapi? Baba yako alishikaka hata fimbo?”

Wakaangua kicheko. Baba yangu alikuwa mshona viatu, na ni marehemu. Damu ikanipanda kichwani, nikasema jambo ambalo nilikuwa nimeombwa nisiliseme.

Baba mkwe wangu analima mpunga Bugarama. Mwaka jana aliniletea redio yake iliyoharibika. Nilipokuwa nimeifungua, akaanza kunisimulia bila kuulizwa. Alipokuwa kijana wa miaka kumi na minane alikuwa na waasi wale, na yeye ndiye aliyebeba redio ya mawasiliano. Asubuhi moja akaona malori ya jeshi yanakuja. Kazi yake ilikuwa kuwaonya wenzake waliokuwa juu ya kilima, upande wa Uvira. Hakuwaonya. Aliogopa, akaizika redio katika shamba la mihogo, akatembea mpaka akavuka mto Rusizi, akaingia upande wetu huu. Kule kilimani hakutoka mtu hai.

“Betri ilikuwa nzima,” aliniambia, akiangalia mikono yake. “Hata mama mkwe wako hajui. Ibaki hapa.”

Mimi nikaitoa nje. Nikamtaja mzee, nikataja kilima, nikataja hata betri. Nikamalizia: “Redio moja, mwoga mmoja, vita vimekwisha. Ndege za nini?” Watu wakapiga makofi. Siwafichi, niliona raha.

Papa Dani hakubisha. Aliniuliza jina la kilima mara ya pili, polepole.

“Baba yangu alikuwaka pale,” akasema. “Mama alikuwa na mimba yangu.”

Akainuka, akaondoka bila kuaga mtu.

Kesho yake alikwenda Bugarama na wapwa zake wawili, wakamkuta mzee uani. Mzee akawaambia kwamba mkwe wake ni muongo anayependa sifa. Kaka wa mke wangu alikuwepo, akampigia dada yake simu palepale. Mke wangu akaja dukani, hakukaa.

“Ni kweli au ulitunga?”

“Ni kweli.”

“Na kumuita mwoga mbele ya watu, ulitumwa na nani? Wewe umewahi kukimbizwa na nini?”

 Jioni hiyo alichukua watoto, wakapanda gari la Bugarama. Shemeji akanitumia ujumbe wa sauti: “Ulimuuza papa yetu ili wapiga soga wakupigie makofi. Usikanyage kwetu.”

Mzee mwenyewe akapiga. Hakunisalimu. “Sema ulitunga. Nakaribia miaka themanini. Wacha nife vile batu wananijua.”

Na mimi, kwa hasira ya kuitwa muongo, nikamjibu: “Mzee, betri ilikuwa nzima.” Akakata simu. 

Kisha akaja Papa Dani. Nilidhani amekuja kunipiga, nikashika bisibisi. Akabaki mlangoni.

“Mama yangu angali hai,” akasema. “Hakukaliaka matanga, sababu hakuna muntu alimwambia bwana yake amekufa. Kila tulipohama nyumba, aliwaachia majirani maagizo: mwanaume akiniulizia, mumuelekeze. Miaka yote hii. Sasa nimemwambia. Ameanza matanga. Anataka huyo mzee aje amwambie kwa kinywa chake.”

Nikamwambia mzee amekana, na familia inataka nikane pia.

“Weye ukikana, mama ataanza tena kungoja,” akasema. “Na mimi nitakuchukia mpaka wanizike.”

Jumapili hii familia zote mbili, ya mzee na ya Papa Dani, zinakutana hapa Kamembe, kwa mjomba wa mke wangu. Mke ameshatoa sharti: nisimame, niseme nilitunga, niombe msamaha, ndipo atarudi na watoto. Asubuhi hii mama mkwe, ambaye miaka yote ananiita mwanangu, amenipigia na kuniuliza swali moja tu: “Bwana yangu ni mtu wa namna gani?” Nikamwambia mtandao ni mbaya.

Msiniandikie kwamba ningenyamaza, hilo nalijua. Msiniambie nisali, nimesali. Nikisema ni uongo, nyumba yangu inarudi na kikongwe wa Bukavu ananyang'anywa matanga yake. Nikisema ni kweli, ninamvua mzee nguo mbele ya mke wake na wajukuu. Ninyi mlio wengi na hamnijui, nielekezeni: Jumapili nikisimama, kinywa changu kitoe neno gani?