Taa ya Gari la Nkusi

Watu wa zoni ya Juru wakikuambia kwamba Nehemiya alirogwa na ndugu zake waliobaki Kongo, usiwasikilize. Mimi ni jirani yake, shamba langu na lake yanapakana, na mambo haya niliyaona kwa macho yangu. Anayetafuta mchawi katika habari hii ni mvivu wa kufikiri.

Nehemiya alizaliwa milimani juu ya Uvira, kwa mzee mwenye ng'ombe wengi. Yeye na ng'ombe hawakupatana, akateremka mjini kujifunza ufundi wa magari. Baba yake alimcheka sana, akasema chuma hakizai ndama. Vita vilipokuja ng'ombe waliliwa na wenye bunduki, ufundi ukabaki kichwani mwa mwenyewe. Mwaka 2004 alikimbilia Uganda na mkewe Apolline, wakapewa kiwanja hapa Juru katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, na baada ya muda akapata kazi katika gereji moja ya mji wa Mbarara. Juma lote alikuwa huko. Jumamosi alirudi Juru na kucha nyeusi.

Apolline alikuwa amezika watoto wawili ambao hawakuwahi kulia. Wa pili alikwama, na mama yake tulimpeleka kwa baiskeli, tukachelewa. Daktari wa Mbarara alisema wazi: wa tatu atatolewa kwa kupasuliwa, na uchungu ukianza tu, mama aletwe haraka. Kwa hiyo mwaka 2012, tumbo lilipokuwa kubwa tena, Nehemiya hakuwaza kitu kingine ila gari. Na upande wetu wa Juru gari lilikuwa moja, la Nkusi.

Nkusi ni mfanyabiashara wa ng'ombe, mtu mwema, na sitaki mtu amseme vibaya mbele yangu. Gari lake lilikuwa zee, la Kijapani, lililowahi kuwa jeupe. Lilibeba maharage, maharusi na wagonjwa. Mwaka huo lilianza kunywa petroli bila kushiba, likawa linakohoa kila linapopanda kule Masha, njia ya Mbarara. Abiria walishuka wanaumwa kichwa na kulaumu vumbi. Kisha Jumatano moja taa ya injini ikawaka mbele ya dereva, haikuzimika.

Ijumaa hiyo Nkusi alilipeleka gerejini kwa Nehemiya. Walichomeka kompyuta ndogo ya kusoma makosa, ikajibu kwamba sensa ya oksijeni ndiyo mbovu. Hicho ni kidude kilichopachikwa kwenye bomba la moshi. Kazi yake ni kunusa moshi na kuiambia injini kama petroli imezidi au imepungua.

Mbabazi, mwenye gereji, alicheka. "Ssebo, bwana, toa hiyo balbu tu. Taa haionekani, gari imepona. Nyinyi Wakongo mnapenda kazi mingi."

Nehemiya hakutoa balbu. Aliacha injini ipate moto, akashika waya wa sensa kwa mita ya umeme. Mshale ulilala chini kabisa: sensa ilikuwa inasema hewa ni nyingi, petroli ni kidogo. Lakini plagi za injini alizozifungua zilikuwa nyeusi kwa masizi, na masizi ni dalili ya petroli kuzidi. Mmoja kati ya hao wawili alikuwa anadanganya. Akachukua mtungi wa gesi ya kupikia, akapuliza gesi kidogo mahali injini inapovutia hewa. Mshale ukaruka juu mara moja. Sensa ilikuwa nzima, inasema inachokiona.

Basi hewa ilikuwa inaingia njiani, kabla ya kuifikia sensa. Injini ilipopoa alipaka maji ya sabuni kwenye manifodi, lile bomba la chuma linalopokea moshi unapotoka tu kwenye injini, akaziba mwisho wa bomba la moshi kwa tambara na kupuliza upepo ndani. Sabuni ikatoa mapovu kwenye ufa mrefu. Pale ndipo hewa ilipoingia ikaidanganya sensa, injini ikazidi kumwaga petroli. Pale pale moshi ulitoka, ukapenya penye matundu ya nyaya hadi walipokaa watu. Maumivu ya kichwa ya abiria hayakuwa ya vumbi, yalikuwa ya sumu ya moshi huo.

Manifodi nyingine haikupatikana Mbarara. Iliagizwa Kampala, ije na basi la Jumapili. Nkusi akataka kurudi na gari lake Juru, na Nehemiya akaanza kumweleza habari za hewa na sensa na ufa. Macho ya Nkusi yakaanza kuzurura. Nehemiya alikuwa amechoka, akafupisha.

"Kama hii taa iko inawaka, usipakize mutu. Hata mumoja."

"Nimesikia, fundi," Nkusi akasema, na alikuwa amesikia kweli.

Jumamosi Nehemiya alilala nyumbani. Jumapili asubuhi aliondoka kwenda kupokea manifodi. Siku za Apolline zilikuwa bado, ndivyo walivyodhani.

Sasa ujue desturi yetu. Umeme hatuna, na kwaya yetu haiimbi bila kipaza sauti. Kila Jumapili Nkusi hufungua betri ya gari lake na kuileta kanisani. Ibada ikiisha anairudisha. Jumapili ile aliirudisha, akawasha gari, na taa haikuwaka. Kompyuta ya gari ikikatiwa umeme husahau makosa yake, na hupita safari kadhaa kabla haijakumbuka. Nkusi angejuaje? Alimwita mzee wa kanisa, Ezira, aje aone. Ezira akasema Mungu anasikia.

Watu hawajatawanyika bado, Apolline akashikwa na uchungu. Nkusi hakusita hata kidogo. Mama Goretti, aliyemsindikiza, alimfunika mablanketi mawili na kufunga madirisha yote, kwa maana kwetu mzazi hapigwi na upepo. Walipofika Masha Apolline aliacha kuugua, akalala mapajani mwa Goretti. Goretti alimshukuru Mungu, kisha naye akasinzia.

Nehemiya alipigiwa simu walipofika hospitali. Alikuja mbio na manifodi kwapani, imefungwa kwenye gazeti. Apolline alikuwa anatapika, kisha wakamwingiza kumpasua. Mtoto alikuwa wa kiume, mzima wa viungo, na amekufa. Daktari alitoka akauliza kama mama alifungiwa ndani ya nyumba yenye jiko la makaa. Goretti alikataa. Nehemiya akaiweka manifodi chini.

Nkusi alisimama ukutani ameshika kichwa. "Taa ilikuwa imezimika," akasema. "Ulisemaka taa."

"Ni kweli," Nehemiya akajibu. "Nilisema taa."

Tulimzika mtoto Juru bila mama yake. Mchungaji alimshukuru Nkusi kwa kujitolea gari, watu wakasema amina, na mimi nilitamani kuung'oa msalaba wa mbao uliokuwa kaburini. Nehemiya alitazama chini. Kesho yake aliifunga manifodi mpya katika ua wa Nkusi, akapaka sabuni tena, akahakikisha. Apolline aliporuhusiwa kutoka hospitali, tukaenda watatu na gari hilo hilo kumchukua.

Alikuja polepole, ameshika mshono. Alisimama mlangoni mwa gari, hakuingia.

"Banasema ni moshi ya hii gari," alimwambia mumewe. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Ijumaa."

Nkusi akajifanya anakagua tairi, nami nikatamani niwe mahali pengine.

"Jumamosi tulilala kitanda kimoja," Apolline akasema. "Uliambia mwenye gari. Mimi mwenye tumbo, hukuniambia."

Nehemiya akamfungulia mlango. Apolline akaingia, kwa sababu hakukuwa na gari jingine la kumrudisha Juru.