Mikate ya Kwenda Poland

Wiki iliyopita nilikuwa uwanja wa ndege wa London, nasubiri kupima mizigo yangu ya safari ya Dar es Salaam. Mbele yangu walikuwepo wanafunzi wa shule moja ya Kiyahudi, wanakwenda Poland kuona miji waliyotoka wazee wao. Msichana mmoja alisindikizwa na bibi yake, na begi lake lilizidi uzito kilo mbili.

Mwalimu akalifungua. Nguo zilikuwa chache. Lilijaa mikate na makopo ya samaki.

"Bibi, chakula chote tumeshapanga," mwalimu akasema kwa upole. "Watakula mara tatu kwa siku."

Bibi hakumtazama. Alikuwa akiirudisha mikate begini, mmoja mmoja, akiigusa kwa kiganja kama anayelaza mtoto.

"Nilikuwa mtoto wa miaka mitano Wanazi walipotupakia kwenye treni huko huko," akasema. "Na sisi tuliambiwa chakula kimeshapangwa."

Msichana, ambaye muda wote alikuwa akiona haya mbele ya wenzake, akatoa koti na masweta yake matatu, akayavaa yote, moja juu ya jingine. Mizani ikakubali.

Mimi mama yangu hunifungia unga na dagaa kila ninaporudi London, nami humwambia Ulaya kuna maduka. Mwaka jana niliuacha mzigo wake kwa jirani. Safari hii nitaubeba wote, hata ikibidi nivae masweta matatu katika joto la Dar.